Wosia kwa Wajukuu: Siku Mtakayomwita Fundi Umeme

Wajukuu zangu,

Mwezi ujao narudi Korogwe, na safari hii nikiondoka Dar es Salaam sirudi tena ila kwa harusi au msiba. Bibi yenu ameshawausia ya ndoa, sala na ukoo, mimi hapo sina la kuongeza. Langu linahusu kazi iliyonilisha na kuwasomesha wazazi wenu, yaani umeme wa majumbani. Mmoja wenu amepanga Mbagala, mwingine anajenga Kibaha, na yule wa Mombasa ndiyo ameshahamia kwa mumewe. Hakuna hata mmoja aliyeuchukua ufundi wangu. Sawa, sikulazimisha. Basi mjue angalau kumwajiri anayeujua.

Mkimwita fundi aje kubadilisha swichi au kuongeza soketi, mnanunua kitu msichokiona. Rangi ikipakwa vibaya utaiona ukutani, bomba likifungwa vibaya utakanyaga maji. Soketi iliyofungwa vibaya inachaji simu sawasawa na iliyofungwa vizuri, mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza, mpaka siku mtu anapochomeka pasi akaenda kufungua mlango. Taa ikiwaka, mmejua umeme umefika. Hamjajua umepita wapi, wala utakatwa na nini siku mambo yakiharibika. Fundi mbabaishaji anaifahamu siri hii kuliko ninyi: anawasha taa, mnafurahi, anapokea hela yake, anaondoka na mkoba.

Watu hupenda kusema, “Ni kakazi kadogo tu, fundi.” Udogo huo uko kwenye bei. Volti 230 zinazofika kwenye holda ya chooni ndizo zile zile zinazofika kwenye jiko, na kinachomwua mtu ni kidogo mno. Kuna kifaa kinaitwa RCD, kinafungwa kwenye meni swichi ili kikate umeme unaovuja. Cha majumbani hutengenezwa kikate uvujaji unapofika miliampia 30. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inakula karibu mara tisa ya hapo. Sasa mfikirieni mtu aliyetoka kuoga, miguu imelowa, anashika mlango wa friji ambayo waya wake umegusa bati.

Nilikuwa mtoto mitambo ya Hale ilipoanza kazi mwaka 1964, megawati 21, na sisi wa Korogwe tukajiona tumeshafika Ulaya. Leo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Umeme umeongezeka, na vitu vya kuchomeka vimeongezeka nao. Lakini ingieni kwenye nyumba za zamani za Temeke au Magomeni mfungue soketi moja. Nyaya zilizomo ukutani ni zile za enzi nyumba nzima ina taa nne na redio. Juu ya nyaya hizo siku hizi kuna friji mbili, pasi, blenda, pampu ya maji, na mpangaji wa uani ambaye amenunua hita ya kuogea bila kumwambia mtu.

Hebu niiseme hiyo hita, maana ndiyo inayowaponza wengi. Zile za kuoga papo hapo zinafika wati 5,500. Gawanyeni kwa 230, mtapata karibu ampia 24. Laini ya soketi ya waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na breka ya ampia 20. Fundi wa haraka atadaka umeme kwenye soketi iliyo karibu na bafu, atatoboa ukuta, atafunga hita, mtaoga maji moto jioni hiyo hiyo. Kesho breka inaruka. Mnampigia, anakuja na tabasamu, anasema breka imechoka, anatoa ya 20 anaweka ya 32. Hairuki tena, na ninyi mnamsifu. Alichofanya ni kumfukuza mlinzi. Breka haiko pale kwa ajili ya friji wala hita yako. Kazi yake ni kuulinda waya ulio ndani ya ukuta usipate joto kupita uwezo wake. Ukiweka kubwa kuliko waya, kinachoungua kwanza ni waya, tena mahali ambapo hamtaona moshi mpaka umeshatafuna.

Kwa hiyo breka ikiruka, muulizeni fundi: kuna kitu kimepiga shoti, au mzigo umezidi? Anayejua kazi ataanza kuchomoa vitu kimoja kimoja na kupima. Anayekimbilia mkobani kutafuta breka kubwa, mpeni nauli, mshukuruni, aende. Na hita ipewe laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, waya wa 6, breka inayoendana nao, na ethi ya kweli. Mkiona ni ghali, chemsheni maji kwenye sufuria. Mimi mpaka leo naoga ya sufuria.

Mtampata wapi fundi? Msianze na namba iliyopakwa rangi kwenye nguzo. Aliyeiandika anaweza kuwa hodari, lakini akiwaharibia mtamtafutia wapi? Nguzo haina ndugu. Anzeni na duka la vifaa vya umeme la mtaani kwenu. Mwenye duka anawajua wote: nani hurudisha vifaa vilivyobaki, nani hununua waya mita tatu mahali panapotaka tano, nani hushinda pale anasubiri simu. Kisha ulizeni jirani aliyefanyiwa kazi mwaka jana. Msimwulize kama fundi ni mzuri, maana siku ya kwanza kila fundi ni mzuri. Mwulizeni kama baada ya kulipwa alipopigiwa simu alipokea.

Tena msimkatae fundi kwa sababu ni binti. VETA inawatoa mabinti wanaoijua kazi, na mama aliye peke yake nyumbani mchana anamfungulia mlango bila wasiwasi.

Habari ya leseni sitaki mnielewe vibaya. Nusu ya mafundi niliowaheshimu mjini hapa walijifunzia kwenye kazi, kwa kubebeshwa ngazi na kutukanwa. Kijana wa kijiweni anayefahamika anatosha kwa balbu, kwa holda iliyopasuka, kwa kutoa swichi mbovu na kurudisha nzima mahali pale pale. Akitaka kugusa meni swichi, kupitisha waya mpya, kufunga hita, kiyoyozi, jiko la umeme, pampu au ethi, hapo mwombeni leseni ya EWURA na muisome. Leseni hizo zina madaraja, mwulizeni lake linamruhusu kazi gani. Mwenye nayo hachukii kuulizwa, ameitolea jasho. Wewe wa Mombasa badilisha majina tu: kwenu ni fundi wa stima, na leseni inatoka EPRA.

Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo si mali yenu, wala si ya fundi wenu. Hivyo ni vya TANESCO. Atakayewaambia anaweza kuifungua mita ili uniti ziende polepole ni kishoka, hata akija na kofia ngumu na kitambulisho shingoni. Msibishane naye, fungeni geti.

Tuseme sasa fundi amefika. Mpeni kiti, mpeni maji, kisha kaeni mahali mnapoiona mikono yake. Asiyetaka kutazamwa ana sababu. Jambo la kwanza ni kuzima kwenye breka, na kama kuna watoto au wapangaji, wote waambiwe asiwashe mtu. Kisha mtazameni anavyotumia testa. Fundi aliyefundwa huigusisha kwanza mahali anapojua kuna umeme aone inawaka, ndipo aipeleke kwenye waya anaotaka kuushika, halafu huirudisha pale pa kwanza. Anafanya hivyo kwa sababu testa mbovu na waya usio na umeme hutoa jibu moja: kimya. Ni sekunde chache tu, lakini kwangu zinatosha kunieleza alifunzwa na nani.

Rangi za nyaya zisiwadanganye, wala zisimdanganye yeye. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro mweusi, ethi kijani. Katika mpya moto ni kahawia, nyutro bluu, ethi kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu ina rangi zote, na mahali fulani kuna mtu aliyeishiwa nyekundu akamalizia na alichokuwa nacho mfukoni. Fundi anayesema “huu ni mweusi, hauna kitu” kabla hajapima, mwambieni asubiri kidogo, mzime umeme wa nyumba nzima.

Kuna kosa moja la mafundi wa haraka ambalo mnaweza kulishuku wenyewe mkiwa kitandani. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa inazimika kama kawaida lakini holda inabaki na umeme, na siku utakayopanda kiti kubadilisha balbu “iliyozimwa”, unashika volti 230. Zamani hukuweza kulijua mpaka likupige. Siku hizi, kwa taa za LED, mara nyingi taa yenye kosa hilo hubaki ikimemeta kidogo gizani hata ukiizima. Mmemeto una sababu nyingine pia, kwa hiyo msimtukane mtu kwa simu usiku wa manane. Asubuhi mwiteni apime.

Akishaingiza waya kwenye soketi na kukaza parafujo, atauvuta kidogo kwa vidole aone kama umeshika. Mkiona hauvuti, mwambieni auvute. Waya uliolegea hupata joto, joto hulegeza zaidi, na baada ya miezi mnaona kava la soketi limegeuka rangi ya chai upande mmoja, au plagi inatoka ya moto. Mkiona hivyo msisubiri mwisho wa mwezi. Viungio vya kusokota na kuviringishia tepu, kisha kufukiwa juu ya dari, vikataeni. Chini ya bati la Dar es Salaam gundi ya tepu hulainika, tepu ikaanza kujiachia yenyewe. Konekta na boksi lake ni vitu vya bei ndogo, na mtu wa kesho atajua pa kufungua.

Ethi nitairudia mpaka mnichoke. Soketi zetu zina matundu matatu, na kwenye vyumba vingi vya kupanga lile la juu halina kitu nyuma yake, ni tundu la urembo. Wenyewe mmelizoea kwa kulitomasa na kalamu ili chaja ya pini mbili iingie. Lile tundu ndiyo njia ya umeme kurudi ardhini pale waya wa friji unapogusa bati la friji. Bila hiyo njia, atakayeugusa mlango ndiye njia. Fundi akifungua soketi, chungulieni: kuna waya wa kijani, na umefungwa? Kisha mfuateni nje akawaonyeshe fimbo ya ethi ilipozama. Nimekuta fimbo zilizokatwa nusu kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu, zikachomekwa kifupi na kusimama wima kwa heshima zote. Mwenye kipimo apime, na akuandikie alichopata. Asiye na kipimo asikuambie “ethi iko safi”.

Tuje kwenye hela. Hela ya vifaa na hela ya ufundi zitenganisheni kabla hajafungua mkoba. Mwambieni aandike orodha, ukubwa wa waya, idadi, aina, kisha nendeni naye dukani au mnunue wenyewe, na mdai risiti. Waya wa bandia umejaa. Kuna unaoandikwa 2.5 na shaba yake haifiki, na kuna ule wa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwarueni ncha kwa kisu: shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, ya kupakwa inaonyesha weupe. Tazameni alama ya TBS, lakini kisu kiende nayo, maana hata alama hughushiwa.

Mtasikia watu wakilalamika kwamba mafundi wanaweka cha juu kwenye vifaa. Ni kweli, wanaweka, na maduka mengine yana fungu la fundi kabisa. Lakini niwaambie kinachoanzia huko. Mwenye nyumba analipa mamilioni ya vigae bila kupepesa, akifika kwa fundi umeme anataka amlipe soketi kwa bei ya soda mbili. Fundi anakubali kwa sababu nyumbani kuna ada ya shule. Halafu ile tofauti anaitafuta kwenye waya mwembamba na breka ya kuokota. Ukimbana kwenye ufundi ambao ungeweza kumlipa waziwazi, anajilipa mahali usipopaona. Mlipeni bei ya kazi aliyojifunza, hata ikimchukua dakika 10. Msiseme “mbona umemaliza haraka.” Malipo ya mwisho yabaki mkononi mpaka amepima mbele yenu, amewasha na kuzima, amefunga makava yote, ameandika kwenye meni swichi breka ipi ni ya wapi, na ameokota vipande vyake vya waya sakafuni. Kisha mlipeni hapo hapo. “Nitakutumia jioni” imewaua kwa njaa watoto wa watu.

Na ninyi niwaseme, maana kazi mbovu nyingi nilizozifungua ziliagizwa na mwenye nyumba. “Ungaunga tu fundi, mwezi ukiisha nitakuita tufanye vizuri.” “Piga ekstensheni ipite chini ya zulia.” “Ethi ya nini, si taa inawaka?” Mwezi unaisha, haitwi, na kiungio cha muda kinazeeka na nyumba. Mkimpata fundi anayewakatalia jambo, anayefunga mkoba wake na kusema hii siifanyi mpaka tubadilishe waya, msimwite jeuri. Hifadhini namba yake. Amekubali kupoteza hela ya siku hiyo ili nyumba yenu isiungue, na mimi sijui cheti kinachosema zaidi ya hapo. Wengi wetu tulikubali tu, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na mwingine wa bei ya chini aliyesimama getini.

Akikosea, mpeni nafasi ya kurudi kabla hamjamleta wa pili. Fundi wa pili kazi yake ya kwanza ni kucheka ya mwenzake, kila mtu ana mdomo. Mkibadilisha mafundi kila mara, nyumba inabaki na mikono mitano ukutani na hakuna hata mmoja anayejua waya wa jikoni ulipita wapi.

Yaliyobaki ni mgawanyo. Mega yangu, kile kipimo cha kujua kama nyaya zinavuja, na testa zote, nimempa yule kijana wa Tandika aliyebeba ngazi yangu mpaka akajua kunisahihisha. Leseni anayo. Namba yake mnayo. Mkimwita, mlipeni kama mgeni, msimpunguze kwa sababu alikula kwetu. Ngazi ibaki nyumbani. Ni ya mbao makusudi, msiiuze mkanunua ya alumini.

Nyumba yetu ya Temeke: laini ya jikoni na ya uani ni moja, niliikuta hivyo, na hela ya kuitenganisha nimeiacha kwa shangazi yenu kwenye bahasha iliyoandikwa WAYA. Isiguswe kwa ajili ya king'amuzi. Mpangaji wa uani asifunge hita kabla kazi hiyo haijafanyika, hata akilia. Fimbo ya ethi iko nyuma ya choo, kando ya mpapai. Mkijenga ukuta msiizibe kwa zege. Na lile kabati la vyombo la shangazi limesimama mbele ya meni swichi. Nimemwambia, hasikii kwangu. Jumamosi mkija kuniaga, njooni vijana wawili wenye nguvu mlisogeze kabla ya chai.

Babu yenu.